Mama Mkwe, Mkwe na Kuku Mmoja

Nikishuka stendi ya Makambako hata leo, na magoti yangu haya, sikosi kuitwa. Wachoma mahindi wananiita Mama Mkwe. Makonda wananiita Bibi Mchawi. Yupo mama mmoja anauza viazi karibu na reli, yeye ananiita Nesi, maana alipokuwa msichana aliniona nikicheza nesi mkali asiyetaka kuamshwa. Jina langu hawalijui, na mimi sikasiriki. Mtu akikuita kwa jina la yule uliyemwigiza, ujue kazi ilifanyika. Wale waliocheza mabibi harusi, wenye sura nzuri, leo hakuna anayewakumbuka hata kwa jina la uongo.

Ninyi vijana mnakuja hapa kwangu Mdandu na simu zenu, mnaniuliza namna ya kuwa nyota. Hilo sijui. Sikuwahi kuwa nyota. Mimi nilikuwa mtu wa pembeni maisha yangu yote: shangazi, jirani mwenye mdomo, mfiwa, mganga, bibi kipofu, mama mkwe, mama mkwe, na mama mkwe tena. Lakini kwenye kikundi chetu hakuna mchezo uliosimama bila mimi, na nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli. Kama mnataka kujua hiyo kazi ya pembeni inafanywaje, kaeni niseme hapa mara moja, nisirudierudie kila anapokuja mgeni.

Aliyeniingiza ni Mzee Anzigari, seremala wa misheni, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Tulibishana juu ya kila kitu isipokuwa mchezo. Alinikuta sokoni Makambako nikigombana na mnunuzi wa viazi aliyetaka nimjazie gunia mpaka litoke kilemba, lumbesa ile mnayoijua. Nilimsema yule bwana mpaka akaanza kutafuta kofia yake, na kofia alikuwa ameivaa. Mzee Anzigari alikuwa amesimama na ubao begani, anasikiliza. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, hiyo hasira unaweza kuirudia kesho?" Nikamwambia hata keshokutwa. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilikuwa bado kijana, nina mtoto mgongoni, lakini uso wangu ulikomaa mapema. Mzee Anzigari aliutazama kama anavyotazama mbao, huku na huku, akasema uso huu hautakosa kazi. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Shule niliishia darasa la nne, kusoma kwangu ni kwa kusukuma. Maneno ya mchezo nilikuwa nasomewa na mume wangu, Baba Neema, tukiwa shambani. Yeye anasoma amekaa kwenye tuta, mimi napalilia na kurudia. Watu wakipita walisema mwanaume gani huyu, mke analima yeye anasoma gazeti. Alivumilia hayo yote. Maneno yaliingia kupitia mikono, na mpaka leo nikiyasema yale ya zamani mikono inatafuta jembe.

Sasa shikeni haya. Mtu unayemwigiza, mwanzie kwenye viatu. Usianze na sauti, sauti itakuja yenyewe. Bibi aliyevaa mabuti ya mpira ya marehemu mumewe hatembei kama bibi mwenye kandambili. Mimi nilikuwa nikipewa nafasi naenda sokoni na kikapu, namchagua mama mmoja, namfuata kwa nyuma. Simkodolei macho. Namfuata tu, naweka mguu anapoweka mguu, mpaka mgongo wangu unauma panapomuuma yeye. Hapo nakuwa nimempata.

Upepo wa Makambako nao mnaujua. Ukisema nao usoni, maneno yanarudi kooni na watu wanaona mdomo unacheza tu. Fika mapema, jua unatoka wapi, uupe mgongo. Na kulia: usiwatumie marehemu wako. Niliwahi kumtumia mama yangu, nikalia vizuri mno, na mchezo ulipokwisha nikashindwa kunyamaza. Baba Neema alinipeleka nyumbani watu wakidhani nimefiwa. Tangu siku hiyo natumia kitu kidogo. Natumia chungu cha maharage kilichopasuka sikukuu ya Krismasi, maharage yote kwenye majivu. Machozi yanakuja hayo hayo, na ukimaliza unaenda kula.

Zilipokuja kamera niliaibika kidogo. Siku ya kwanza nilisema kama nilivyozoea kusema gulioni, kijana wa sauti akavua vile vidude vya masikioni akaviweka chini polepole, kama vimemng'ata. Akaniomba, bibi, sema kama unanisengenyea mtu. Nikaelewa. Kamera ni kama jirani mmbea, haihitaji kupigiwa kelele, yenyewe inajisogeza. Ila kitu kimoja sijakizoea: wanarekodi kinyumenyume. Walinizika asubuhi, nikaugua baada ya chakula cha mchana. Nikawaambia basi jioni mnizae kabisa.

Lakini mnachokuja kuuliza siku zote ni ule mchezo wa kuku. Mnauona kila mahali, vikundi vya siku hizi vinaucheza, na kila mtu anasema ni wake. Ni wetu. Nawaambia ulivyotokea.

Kwenye kikundi kulikuwa na kijana wa Njombe mjini, Faustini, fundi baiskeli. Mwembamba kama spoku. Nilimzidi umri kwa mbali, lakini yeye ndiye aliyekuwa mume wangu kwenye mchezo. Tulimpaka unga wa mahindi kichwani akapata mvi. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa mume anayemaliza shamba la miti kwenye ulanzi, pombe ile ya mianzi. Anarudi nyumbani anapepesuka, mimi namngoja na mwiko. Namshika sikio, namzungusha uwanja mzima, mwisho namwangusha na kumkalia. Watu walikuwa wanatoka Wanging'ombe kuja kuona ninavyomkalia Faustini. Tulizoeana mpaka nikiinua bega tu anajua mwiko utapita wapi.

Siku moja niko jikoni namenya viazi, akaja mshenga. Salamu nyingi, kamwene, habari za ng'ombe, habari za mvua. Baba Neema akamkaribisha. Yule mshenga akazunguka, akazunguka, akafika: Faustini anamwomba binti yetu, Neema.

Mimi kisu kilisimama.

Kwa ninyi mliozaliwa wakati ambapo wakwe wanapiga picha wamekumbatiana, lazima niwaeleze. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hampi mkono. Hakai naye kiti kimoja, hali naye sahani moja. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Likiwapo neno kati yao, anatafutwa mtu wa kulipeleka. Sasa mimi nilikuwa na mkwe ambaye wilaya nzima imeniona nimemkalia.

Faustini nilimpenda, kijana mwenye adabu na kazi ya mikono. Neema naye alikuwa ameshaamua, uso wake ulisema. Lakini nilijua kitakachofuata. Mshenga alipoondoka nikarudi kumenya viazi bila kuinua uso, na Neema, ambaye mdomo wake aliupata kwangu, akaniangalia akasema, "Mama, mbona umenuna kama mumeo anaoa mke wa pili?"

Baba Neema alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka.

Neno zito lililetwa na Mzee Yobu, baba mdogo wa Faustini, ndiye aliyemlea. Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, kofia yake haivuliwi isipokuwa kanisani na msibani. Alituma ujumbe ulionyooka: siku mahari inapopokelewa, michezo ya kushikana masikio imekwisha. Akisikia mtoto wake ameguswa na mama mkwe mbele za watu, posa anaivunja, na Neema atafute kwingine. Tabu ni kwamba nilikubaliana naye. Ningekuwa upande wao ningesema vilevile, tena kwa ukali zaidi.

Na wakati ulikuwa mbaya. Watu wa elimu ya afya walikuwa wanakuja Makambako kutazama vikundi. Walitaka kimoja cha kuzunguka vijijini mpaka mvua zianze, kuwaambia watu wawapeleke wajawazito hospitali mapema. Tukichaguliwa, tunaishi. Tukikosa, kikundi kinakufa, maana vijana walikuwa wameshaanza kusema wanakwenda kupasua mbao, na wengine wanakwenda kuungoja mgodi wa Mchuchuma, ule ambao kila mwaka unafunguliwa mwakani.

Faustini alimwambia Mzee Anzigari kwamba atajitoa. Nikasema hapana, nitajitoa mimi. Wakaweka msichana mwingine mahali pangu. Kila Faustini akipepesuka, anacheka huyo msichana kabla ya watu. Wakanirudisha mimi wakaweka mwanaume mwingine. Huyo alikuwa ananiogopa kweli, na mtu anayeogopa kweli hachekeshi, anatia huruma. Mahari ikapokelewa nyumbani, vigelegele vikapigwa, nami nikapiga, na moyoni nikawa naaga kazi yangu.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Njombe ile inayoingia kwenye meno, nilifika ukumbi wa parokia kuchukua vitenge vyangu vya kuigizia. Hakukuwa na mtu. Katikati kulikuwa na jiko la mkaa, nikakaa nipashe mikono. Kuku wa mlinzi naye alikuwa ameingia kuota moto. Mara mlango ukafunguka, Faustini huyo. Aliponiona akarudi nyuma, akageuza uso ukutani. Nje umande umeganda, ndani moto mmoja. Mimi mifupa yangu hainiruhusu kutoka, yeye heshima haimruhusu kusogea. Na mtu wa kati hakuna.

Akakohoa, akasema akiangalia ukuta, "Kuku, mwambie mama nimekuja kuaga."

Nikamtazama yule kuku. Nikamwambia, "Kuku, mwambie anayekuja kuaga alitakiwa aje saa mbili."

"Kuku, mwambie mama baiskeli ilipasuka tairi."

"Kuku, mwulize, fundi baiskeli naye anapasukiwa?"

Nikasikia anacheka kwa mabega, na mimi nikainama kwenye jiko nisionekane. Kisha ikatoka sauti dirishani. Mzee Anzigari alikuwa nje anasikiliza, pua yake imeshikamana na kioo. Akasema, "Kuku, waambie hao wawili wasiache."

Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Hatukuwa tena mume na mke. Tulikuwa kile tulichokuwa kweli: mama mkwe na mkwe, wamebaki nyumba moja wakati wa baridi, na moto ni mmoja. Onyesho la kwanza, watu wanaona mke amecheleweshwa, anakimbizwa hospitali ya mbali, kule upande wa Ikonda, anapona kwa shida, anajifungua. Onyesho la pili, mume anarudi peke yake na habari, anamkuta mama mkwe motoni. Na habari za uzazi mwanaume hamwambii mama mkwe wake. Anazunguka moto, anatetemeka, anamwambia kuku hali ya hewa, anamwambia kuku bei ya mbolea, na mama mkwe anataka kitu kimoja tu, kujua kama mwanawe yu hai.

Kuigiza na mtu usiyemtazama ni kazi nyingine kabisa. Nilijifunza kumsikia Faustini kwa kisigino. Akisita, changarawe zinalia chini ya soli, nami najua anataka kusema. Yeye alisema alikuwa ananisoma mgongoni. Ule mwiko na yale masikio, kumbe vilikuwa vinatubebea mzigo. Vilipoondoka tulilazimika kuigiza.

Mzee Anzigari alikwenda kumweleza Mzee Yobu. Akarudi na jibu: atakuja mwenyewe na wazee wenzake, atakaa mbele. Akiona mkono umegusa mkono, au jicho limekaa kwenye jicho, atasimama, atamchukua kijana wake, na posa itaondoka naye. Neema alipolisikia hilo hakuwa na mdomo tena. Siku ya mchezo alinifungia kitenge changu, akakaza fundo mara mbili. Akaniambia, "Mama, usije ukasahau ukamshika." Nikamwambia sijawahi kusahau mahali pa mkono wangu.

Uwanja wa Makambako ulijaa. Wale wageni wa afya kwenye viti vya plastiki, Mzee Yobu na wazee wake kwenye benchi mbele yao, kofia kichwani. Neema nyuma kabisa, amejifunika khanga mpaka puani. Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, watu walicheka mpaka wakashikana. Kuku tulimfunga kamba mguuni, tukamwekea punje za mahindi ili atulie, maana kuku haigizi, kuku anakula.

Tukafika penyewe. Mimi nimempa Faustini mgongo, natazama moto. Kicheko kimekwisha, watu wameanza kuelewa kwamba mama huyu ana hofu. Nikasema, "Kuku, mwulize, mwanangu nitamwona tena?"

Na hapo kuku akavuta kamba, ikafunguka, akaondoka zake katikati ya watu.

Nikasikia changarawe zinalia chini ya viatu vya Faustini. Zikalia tena. Hakusema. Angemwambia nani? Kunijibu mimi moja kwa moja hawezi: kwenye mchezo hawezi, na kwenye maisha hawezi, Mzee Yobu yuko pale anamtazama. Mimi nami siwezi kugeuka. Nikakaa na swali langu. Nilikuwa nimeshamwuliza kuku kuhusu mwanangu, na mwanangu wa kweli yuko nyuma kule amejifunika khanga, na wote wawili hatima yao iko mdomoni mwa kijana asiyeweza kuufungua.

Ndipo Mzee Yobu akasimama.

Nilimwona kwa pembeni ya jicho. Nikajua yamekwisha, kikundi, ndoa, vyote pamoja. Nilitamani niseme hatujagusana, ukitazama utaona hatujagusana. Sikusema, kwa sababu yule mama niliyekuwa namwigiza asingesema.

Mzee Yobu akavua kofia. Akaishika kifuani kwa mikono miwili, akaja hatua chache mbele ya benchi, akanisemesha mimi kwa sauti ya mtu aliyetumwa.

"Mama, usikae na hofu. Binti yako mzima. Amejifungua, na mtoto mzima. Kijana wetu hawezi kukwambia, ndiyo maana nakwambia mimi."

Hakuna aliyempanga. Alikuwa ameona wakwe wawili wamekwama na neno la uhai katikati yao, na hakuna wa kulibeba, na yeye ni mzee wa upande wa mwanaume. Miguu ilimpeleka yenyewe. Nadhani alipofika pale mbele ndipo alipokumbuka kwamba ni mchezo, maana masikio yake yaliinuka kidogo. Lakini hakurudi. Alisimama akingoja jibu, kama inavyotakiwa.

Sasa ninyi mnaotaka kuigiza, hapo ndipo kazi ilipo. Ningecheka, ningemwaibisha. Ningenyamaza, mchezo ungekufa. Nikafuta macho, na siku hiyo sikuhitaji chungu cha maharage. Nikasema, "Asante, baba. Mwambie mkwe wangu asogee motoni. Mimi nitakaa upande ule."

Mzee Yobu akageuka kwa Faustini. "Mama anasema usogee motoni."

Faustini akaja. Mimi nikahamia upande wa pili. Tukakaa, migongo imeelekeana, moto katikati, na Mzee Yobu amesimama na kofia yake kifuani. Kisha kigelegele kimoja kikatoka nyuma kabisa, nami nilimjua mwenyewe kwa sauti, halafu uwanja wote ukaitika.

Tulichaguliwa. Mzee Anzigari alikuwa bado anaongea na wale wageni alipomwona Mzee Yobu anamkaribia polepole, kofia imerudi kichwani. Alisafisha koo. Akauliza kama kule Njombe, tukienda, aseme akiwa palepale kwenye benchi au asogee mbele mapema kidogo.

Alizunguka nasi kijiji kwa kijiji mpaka mvua zilipoanza, na miaka iliyofuata pia, mpaka magoti yalipomkataa. Hakuwahi kubadilisha neno hata moja, na hakuwahi kukubali kwamba anaigiza. Alikuwa anasema anafikisha ujumbe.

Harusi ilifungwa baada ya kuvuna viazi. Picha iko ukutani hapa, mnaiona mkija. Faustini kasimama upande wa kulia na Neema wake, mimi na Baba Neema upande wa kushoto, na katikati, kati yangu na mkwe wangu, yuko Mzee Yobu kavaa suti. Mpiga picha alimwomba asogee pembeni, katikati ni pa maharusi. Alikataa. Alimwambia yeye anajua mahali pake.